Je, ni kweli kwamba dawa ya ukoma tumeipata kwa sababu ya armadilo?

#1 Mpenda Hoja

Wanajamvi, salaam. Kuna hoja inayorudiwa sana na watu wanaofuatilia mambo ya afya, nami ningependa tuipime hapa. Inasemwa kwamba armadilo, yule mnyama wa Amerika mwenye gamba gumu mgongoni, ndiye mnyama pekee anayeugua ukoma kama binadamu, na kwamba pasipo yeye dunia isingekuwa na dawa ambazo wagonjwa wetu wanapewa bure leo. Naomba wajuzi wanifafanulie mambo mawili. Kwanza, kwa nini watafiti wahangaike na mnyama wa porini ilhali maabara zimejaa panya na sungura? Pili, je, dawa zenyewe kweli zimetokana na yeye? Mwenzangu mmoja amekwenda mbali zaidi akadai kwamba armadilo ni kakakuona wetu huyu huyu, kwa hiyo utafiti huo ungeweza kufanyika Tanzania bila usumbufu. Naomba kuwasilisha.

#2 Bi Saumu wa Pangani

Mwenzako huyo apewe pole. Magamba ya kakakuona yameumbwa kwa kitu kile kile kinachounda kucha zetu, hana jino hata moja, na kwa nasaba yuko karibu zaidi na wanyama walao nyama kuliko alivyo karibu na armadilo. Gamba la armadilo ni mfupa uliofunikwa na ngozi ngumu, ana vijino vidogo, na ndugu zake ni slothi na walamchwa wa Amerika ya Kusini. Anayetaka kumpeleka kakakuona maabara ajue pia kwamba biashara ya kimataifa ya mnyama huyo ilipigwa marufuku mwaka 2016. Huku kwetu anapoonekana watu humwekea maji, nafaka na silaha ili atabiri mwaka utakuwaje. Kazi hiyo inamtosha, tusimwongezee nyingine.

#3 Fundi Maabara

Nijibu swali la kwanza la mleta uzi. Bakteria wa ukoma, Mycobacterium leprae, aligunduliwa mwaka 1873 na Gerhard Armauer Hansen huko Bergen, Norway, yaani miaka tisa kabla Robert Koch hajatangaza bakteria wa kifua kikuu. Hata hivyo, wakati yule wa kifua kikuu tunamwotesha kila siku katika chupa zenye mchanganyiko wa mayai, huyu wa ukoma hajawahi kukubali kuota katika chombo chochote cha maabara mpaka leo. Anaishi ndani ya seli za kiumbe hai tu, na hujigawa mara moja kwa takriban wiki mbili, ilhali bakteria wengi wa kawaida hujigawa ndani ya dakika au saa chache.

Kwa karibu miaka 90 watafiti walikuwa wakimjua adui kwa sura bila kuweza kumfuga. Mwaka 1960 ndipo Charles Shepard wa Marekani alipoonyesha kwamba ukimdunga panya bakteria hao kwenye wayo, wataongezeka. Ila huongezeka kwa kiasi kidogo, kama milioni moja hivi kwa wayo, baada ya miezi kadhaa, kisha kinga ya panya huwazuia. Milioni moja ni idadi ndogo mno kwa mtu anayetaka kutengeneza chanjo au kuchambua kemikali za bakteria.

Armadilo ndiye aliyevunja kikwazo hicho. Mwaka 1971 Waldemar Kirchheimer wa hospitali ya Carville, Louisiana, na Eleanor Storrs wa taasisi ya utafiti ya New Iberia katika jimbo hilo hilo, walichapisha matokeo ya kumwambukiza armadilo wa mistari tisa. Bakteria walienea mwili mzima, wakajaa katika ini, bandama na mitoki. Gramu moja ya ini la armadilo aliyeugua sana huweza kubeba bakteria kwa mabilioni. Hapo hoja ya panya ilikwisha, angalau kwa upande wa wingi.

#4 Mkunazi

Asante, Fundi. Mpenda Hoja, wewe ulitaka jibu fupi, sasa umepewa darasa zima. Naweka kambi hapa.

#5 Mfamasia wa Kale

Naomba nisahihishe sehemu ya pili ya uzi kabla haijaota mizizi. Dawa za ukoma hazikutokana na armadilo. Daktari Guy Faget alianza kuwatibu wagonjwa wa Carville kwa dawa ya sindano iitwayo promini mwaka 1941, na dapsoni ya vidonge ikafuata mwishoni mwa muongo ule ule, wakati armadilo bado anachimba mashimo yake porini bila mtafiti wa ukoma kumtazama. Usugu dhidi ya dapsoni ulithibitishwa mwaka 1964 na Pettit na Rees kwa kutumia wayo wa panya, kutokana na wagonjwa wa Sungei Buloh, Malaysia. Rifampisini nayo ilipimwa kwa panya na kwa wagonjwa. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza matibabu ya dawa mseto mwaka 1981, yaani rifampisini, dapsoni na klofazimini kwa pamoja, lilikuwa linajenga juu ya kazi ya panya na ya wagonjwa waliokubali kujaribiwa. Kama kuna mnyama wa kushukuriwa kwa vidonge, ni panya. Ajabu ni kwamba hakuna anayemwandikia panya makala.

#6 Mpenda Hoja

Nimekuelewa, Mfamasia. Basi swali linageuka: kama vidonge si vyake, armadilo ametufaa nini kwa zaidi ya miaka 50 aliyokaa maabara?

#7 Fundi Maabara

Mfamasia amesema kweli katika #5, lakini amembania armadilo upande mmoja tu wa mizani. Mwaka 2001 jenomu ya bakteria wa ukoma, yaani orodha nzima ya vinasaba vyake, ilichapishwa yote, na bakteria waliosomwa, wenye asili ya mgonjwa wa Tamil Nadu nchini India, walikuwa wameoteshwa katika armadilo. Jenomu hiyo ndiyo iliyotueleza kwa nini kiumbe huyu hawezi kujitegemea: ana jeni takriban 1,600 zinazofanya kazi, na zaidi ya 1,100 zilizokufa, yaani zimebaki kama magofu ndani ya vinasaba vyake. Amepoteza uwezo mwingi wa kujitengenezea mahitaji, ndiyo maana chupa ya maabara haimtoshi.

Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kundi la Patrick Brennan lilitenga kutoka katika ini la armadilo aina ya mafuta yenye sukari inayopatikana kwa bakteria huyu pekee. Vipimo vya kingamwili za ukoma, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ili kupambana na bakteria huyu, vilivyofuata vimejengwa juu yake. Lepromini, ile sindano ya ngozi inayoonyesha namna mwili unavyoitikia ukoma, nayo ilihama kutoka vinundu vya wagonjwa kwenda tishu za armadilo.

Jambo la nne ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Armadilo huharibika neva kama binadamu. Panya wa kawaida hafanyi hivyo. Kwa kuwa ulemavu wa ukoma unatokana na neva, mtafiti anayetaka kujua ganzi inaanzaje, au kama chanjo mpya inaizuia, hana mnyama mwingine wa maabara wa kumfikisha huko.

#8 Mchambuzi wa Kyela

Fundi amesahau chanjo, na hapo ndipo armadilo alipokuja karibu kabisa na kwetu. Katika miaka ya 1970 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kutafuta chanjo ya ukoma kwa kutumia bakteria waliouawa, waliovunwa kutoka ini la armadilo na kusafishwa. Moja ya majaribio makubwa ya chanjo hiyo lilifanyika Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, kwa ndugu zetu Wangonde. Kuanzia mwaka 1986 watu takriban 120,000 waliandikishwa. Wasio na kovu la BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, walipewa ama BCG peke yake ama BCG iliyochanganywa na bakteria wa armadilo. Wenye kovu waligawiwa chanjo ya pili, au mchanganyiko, au sindano isiyo na dawa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1996 na yaliwavunja moyo wengi. Kurudia BCG kulipunguza ukoma kwa karibu nusu zaidi, lakini kuongeza bakteria wa armadilo hakukuongeza chochote kilichoonekana. Venezuela, ambako Jacinto Convit aliongoza jaribio la aina hiyo hiyo, nako mchanganyiko haukuishinda BCG ya peke yake. Mama mkwe wangu anatoka Karonga na anakumbuka magari ya watafiti yakipita kijijini. Kovu lake analo, ila hajui kama alichanjwa BCG tupu au ile iliyokuwa na armadilo ndani yake. Sisi humtania kwamba ndiyo maana mgongo wake haumsumbui.

#9 Mteso wa Kumi

Mchambuzi, nakuunga mkono, na naongeza la Uganda. Mnamo miaka ya 1960, eneo la Kumi, watoto waliokuwa jamaa za wagonjwa wa ukoma walipewa BCG katika jaribio maarufu, na kinga iliyopatikana ilikuwa karibu asilimia 80. Burma ilipata kama asilimia 20 tu, na Malawi nusu hivi. Kama BCG, ambayo asili yake ni bakteria wa ng'ombe, iliweza kufanya hivyo Teso kabla ya armadilo kuingia maabara, nauliza kwa heshima: yale mabilioni ya bakteria yaliyovunwa kwa mnyama yalihitajika kwa nini?

#10 Fundi Maabara

Yalihitajika ili tujue kwamba hayahitajiki, ndugu yangu. Usingeweza kulijua hilo kwa kukisia. Tena tofauti kati ya Kumi, Burma na Karonga yenyewe haijapata maelezo yanayokubaliwa na wote. Wapo wanaosema kwamba bakteria wasio na madhara waliomo katika udongo na maji ya kila eneo huwapa watu kinga kidogo kabla ya chanjo, hivyo chanjo inaonekana dhaifu. Wengine wanasema wale watoto wa Kumi waliteuliwa kwa namna ambayo si sawa na kuchanja wilaya nzima.

#11 Mteso wa Kumi

Jibu la kwanza ni la kisiasa. La pili nalikubali kwa shingo upande.

#12 Mswahili wa Baton Rouge

Salaam kutoka Louisiana. Huku armadilo ni mnyama wa kila siku. Asubuhi huoni barabara kuu bila kumkuta mmoja amegongwa, kwa sababu akishtuka huruka juu badala ya kukimbia. Hospitali ya Carville, iliyoanza mwaka 1894 kama makazi ya kuwatenga wagonjwa, ilifungwa mwaka 1999 na huduma na utafiti vikahamia Baton Rouge.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba huku mnyama wa maabara amegeuka kuwa suala la afya ya jamii. Mwaka 1975 armadilo wa porini walipatikana Louisiana wakiwa na ukoma ambao hakuna aliyewadunga. Mwaka 2011 Richard Truman na wenzake walichapisha utafiti wa vinasaba: aina moja ya bakteria ilipatikana kwa armadilo 28 kati ya 33, na kwa wagonjwa 25 kati ya 39 waliokuwa wameishi maeneo yenye armadilo. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwahi kusafiri kwenda nchi zenye ukoma. Kwa hiyo madaktari wa huku humuuliza mwenye mabaka yenye ganzi kama amewahi kumshika, kumchuna au kumla armadilo. Nchini Brazil, huko Belterra katika jimbo la Pará, watafiti walipima armadilo 16 waliowindwa na kukuta 10 wana vinasaba vya bakteria huyo, na walaji wa mara kwa mara walikuwa na kingamwili nyingi zaidi.

#13 Jicho la Tatu

Sasa ndugu zangu hamuoni? Mwaka 1971 wanatangaza kumwambukiza armadilo maabara. Mwaka 1975 armadilo wa porini wanapatikana na ugonjwa, na katika jimbo lile lile! Uchafu wa maabara ulitupwa, au mnyama alitoroka. Wanasayansi walieneza ukoma wenyewe, kisha wakaja kuugundua.

#14 Mswahili wa Baton Rouge

Dhana hiyo ilikuwepo hata miongoni mwa wanasayansi, na ilibishaniwa kwa ukali. Ila mwaka 1986 Truman na wenzake walipima damu ya armadilo iliyokuwa imehifadhiwa tangu miaka ya 1960 hadi 1964, ikiwa imechukuliwa kwa sababu nyingine kabisa, na wakakuta kingamwili za ukoma ndani yake. Damu hiyo ilichukuliwa kabla armadilo yeyote hajadungwa bakteria wa ukoma maabara. Jambo la kufurahisha ni kwamba kipimo walichotumia kimetokana na yale mafuta aliyoyataja Fundi katika #7.

#15 Jicho la Tatu

Vipimo vya kingamwili hukosea. Fundi mwenyewe anajua.

#16 Fundi Maabara

Hukosea, ndiyo, hasa kwa wagonjwa wenye bakteria wachache. Lakini hukosea zaidi kwa kumwacha mgonjwa kuliko kwa kumsingizia mzima. Ukitaka kumtetea mtorokaji wako, utahitaji hoja nyingine.

#17 Mwanahistoria Asiyelipwa

Jicho la Tatu ana swali zuri lenye jibu lisilo zuri. Swali zuri ni hili: armadilo aliupata wapi? Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Amerika haikuwa na ukoma kabla ya meli za Wazungu na za biashara ya utumwa, hivyo binadamu ndiye aliyemwambukiza armadilo ndani ya karne chache zilizopita. Aina za bakteria wa ukoma wa Amerika kwa kiasi kikubwa zina nasaba na za Ulaya na Afrika Magharibi, jambo linalounga mkono maelezo hayo.

Hata hivyo mwaka 2025 ulichapishwa uchambuzi wa mabaki ya kale unaoonyesha kwamba Mycobacterium lepromatosis, bakteria wa pili wa ukoma aliyetambuliwa mwaka 2008, alikuwepo Amerika kabla ya Wazungu kufika. Bakteria huyo si yule anayepatikana kwa armadilo, kwa hiyo maelezo ya zamani hayajaanguka, lakini ile sentensi kwamba Amerika haikuwa na ukoma sasa haiwezi kuandikwa kwa wepesi kama zamani. Tena ile kauli ya mleta uzi kwamba armadilo ni mnyama pekee imekwisha muda wake. Kima wa Afrika Magharibi walishaonekana na ugonjwa huu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kindi wekundu wa kisiwa cha Brownsea, Uingereza, waliripotiwa mwaka 2016, na mwaka 2021 sokwe wa porini wa Guinea-Bissau na Côte d'Ivoire.

#18 Mkunazi

Nina swali la kijinga. Kwa nini ukoma umpende armadilo hivyo? Nilisoma kwamba ni kwa sababu damu yake si ya moto.

#19 Mfamasia wa Kale

Si swali la kijinga. Joto la mwili wa armadilo ni kama nyuzi 30 hadi 35, na bakteria wa ukoma hupendelea sehemu zenye ubaridi, ndiyo maana kwa binadamu huanza na ngozi, pua, masikio na neva zilizo karibu na ngozi. Hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya watafiti wamfikirie. Sababu nyingine ni kwamba huishi miaka 12 hadi 15, muda wa kutosha kwa ugonjwa unaokwenda polepole.

#20 Bi Saumu wa Pangani

Maelezo ya joto yananipa shaka, Mfamasia. Joto la kakakuona nalo ni la chini, lakini hajapata sifa ya ukoma. Kindi wa Brownsea joto lake si la chini, lakini anaugua. Na bakteria wanajaaje katika ini la armadilo, ambalo ni kiungo cha ndani kabisa?

#21 Fundi Maabara

Ini lake nalo halina joto kama letu, kwa hiyo hoja ya joto haijafa. Lakini nakubali kwamba haitoshi. Ukiwadunga armadilo kipimo kikubwa kwenye mshipa, wengi huugua ndani ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili, ila kama mmoja kati ya watano hivi hustahimili, na joto lao ni lile lile. Hapo wengine huelekeza kidole kwenye kinga ya mwili na urithi. Utamu zaidi ni kwamba armadilo huyu huzaa watoto wanne wanaotoka katika yai moja, wa jinsia moja na vinasaba sawa. Storrs alivutiwa na mapacha hao kabla ya kuvutiwa na ukoma, na mwaka 1968 alichapisha pamoja na Roger Williams utafiti uliokuta kwamba wanne hao wanatofautiana sana katika kemikali za mwili. Kwa hiyo hata urithi peke yake hautoshi.

#22 Mwana wa Busia

Nimesoma yote kimya. Nyinyi mnazungumza mavuno ya ini kana kwamba ni mahindi. Mnyama huyo anategwa porini kwa sababu hazaani vizuri kizuizini, anafungiwa kizimbani miaka miwili akiugua, kisha anauawa. Kwa ugonjwa ambao mnasema wenyewe dawa yake ilishapatikana.

#23 Mwanahistoria Asiyelipwa

Ndugu, hoja yako ina uzito, lakini kumbuka nani alikuwa katika nafasi hiyo kabla ya armadilo. Mwaka 1879 Hansen mwenyewe alimchoma mgonjwa mwanamke jichoni kwa vitu vya mgonjwa mwingine bila idhini yake. Alishtakiwa na mwaka 1880 akavuliwa wadhifa wake hospitalini. Miaka michache baadaye, huko Hawaii, Eduard Arning alimpandikizia ukoma mfungwa aliyeitwa Keanu, aliyebadilishiwa hukumu ya kifo kwa kukubali jaribio hilo. Alipougua haikuthibitika kitu, kwa sababu jamaa zake nao walikuwa na ukoma.

#24 Mwana wa Busia

Kosa la kwanza halihalalishi la pili, Mwanahistoria. Ila nashukuru kwa habari hiyo.

#25 Salma wa Mwambao

Kuhusu kauli ya Mwana wa Busia kwamba dawa ilishapatikana: mjomba wangu alikuwa na baka lisilowasha wala kuuma, na kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, kilimpa dawa ya fangasi mara kwa mara. Alipofika kwa mtu aliyemgusa kwa pamba na kugundua kwamba hasikii, vidole viwili vilikuwa vimeshakunjika. Alimeza dawa mseto miezi 12, bakteria wakaisha, vidole havikunyooka. Dawa ya bakteria ipo. Dawa ya neva iliyokufa haipo. Kama armadilo ndiye pekee anayeonyesha neva inavyokufa, mimi sioni kazi yake ikiwa imekwisha.

#26 Mpenda Hoja

Pole sana kwa mjomba, Salma. Je, kuna kilichopatikana upande huo?

#27 Fundi Maabara

Kipo kidogo. Mwaka 2018 chanjo mpya iitwayo LepVax, isiyotumia bakteria mzima bali protini iliyotengenezwa maabara, iliripotiwa kuchelewesha uharibifu wa neva kwa armadilo walioambukizwa. Na mwaka 2022 kundi la Anura Rambukkana wa Edinburgh, likishirikiana na wale wa Baton Rouge, lilichunguza armadilo 57 na kukuta kwamba ini la walioambukizwa lilikuwa limekua kubwa, lenye mishipa na mpangilio wa kawaida, bila kovu wala uvimbe wa saratani. Inaonekana bakteria huzirudisha seli za ini nyuma, katika hali ya ujana, ili apate makazi mapana. Kuna wanaotumaini kwamba njia hiyo itafaa siku moja kwa wagonjwa wa ini.

#28 Mfamasia wa Kale

Nina tahadhari mbili. Armadilo si binadamu, na ini lililokua kwa manufaa ya bakteria si ini lililotibiwa. Pia LepVax isije ikasubiriwa kwa mbwembwe zile zile za Karonga.

#29 Mchambuzi wa Kyela

Karonga hakukuwa na mbwembwe, Mfamasia, kulikuwa na foleni. Na mpaka sasa kuna swali ambalo hakuna aliyeliuliza: kama kurudia BCG kulipunguza ukoma kwa nusu, kwa nini nchi zetu nyingi huichoma mara moja tu?

#30 Mteso wa Kumi

Nilikuwa nasubiri mtu aulize hilo. Fundi, tunakusikiliza.